Tulivyokwenda Jidda Kumuulizia Nadim

Tangu nirudi Wundanyi mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, kila mtu na swali lake. Mghoi alitaka kujua kama madam alikuwa akinipiga. Hakunipiga hata siku moja. Mama Shali aliuliza kama nilipata kanisa, nami sikupata, nilisali jikoni. Lakini Mwalimu Mwadime, ambaye redio yake haizimwi, aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu tukiwa tumesimama sokoni na vikapu mkononi. Wale waasi wa Siria waliishindaje serikali yenye ndege na vifaru, tena kwa siku chache, baada ya vita vya miaka zaidi ya kumi? Alijua kwamba nimeishi na Wasiria kule Riyadh. Nikamwambia nitaandika.

Siria sikufika, na vita sikuviona. Nilichokiona ni safari moja ya gari, kutoka Riyadh hadi Jidda na kurudi, nikiwa na mama mmoja mzee. Mambo ya ikama, kile kibali cha kuishi kule, na mikataba nayaruka, mmeshayasikia kwa wengine.

Malaz, Riyadh

Kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi aitwaye Sabiha. Wajukuu wake walimwita Teta, ndiyo bibi kwa lugha ya kwao, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na sukari na miguu iliyovimba kila jioni. Tuliishi kwa mwanawe mkubwa, daktari wa meno, kwenye ghorofa ya tatu katika mtaa wa Malaz. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni. Sufuria zote nazijua kwa majina, ila habari za televisheni zilinipita hewani.

Alfajiri moja ya Desemba nilimsikia Daktari akipiga kelele sebuleni kwamba ameanguka, ameanguka. Neno hilo katika nyumba ile lilikuwa na maana moja tu. Nilitupa blanketi nikakimbilia chumba cha Teta, nikijua amedondoka tena bafuni. Nikamkuta ameketi kitandani, miguu inaning'inia, mikono juu ya mapaja, mzima kabisa. Aliyeanguka alikuwa rais wa nchi yao, amekimbia na waasi wameingia mji mkuu.

Daktari alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Alipokuwa mwanafunzi aliandamana dhidi ya serikali ile, akafungwa, akatoroka nchi, na rafiki zake watatu hawakutoka gerezani. Majirani Wasiria walimiminika na sinia za vitu vitamu, wanawake wakapiga vigelegele hadi chini kwenye ngazi. Mimi nilizunguka na birika la chai. Ilikuwa saa sita mchana nilipogundua kwamba Teta hajatoka chumbani. Nikampelekea chai. Hakuigusa.

"Na Nadim?" akaniuliza.

Nadim ni mwanawe mdogo. Alikuwa na miaka ishirini alipokamatwa kwenye kizuizi cha barabarani akienda chuoni kwa basi, akatiwa jeshini, na jeshi halikumwachia tena. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na mtoto kila upande, mmoja kwa kupenda kwake na mwingine kwa kushushwa kwenye basi. Wakati serikali inaanguka, Nadim alikuwa katika kituo kidogo cha ukaguzi katikati ya nchi.

Mwaka ukapita. Magereza yalifunguliwa, watu walirudi makwao, picha zilitumwa huku na huku, na Nadim hakuonekana. Habari tulizopata ni kwamba amekufa, basi, bila vipi wala wapi. Na hakuna aliyempa Teta pole. Ungeanzaje kumpa pole mama wa askari wa rais aliyekimbia, katika nyumba ambayo watu wanakuja kupongezana?

Siku moja wakila chakula cha mchana, Teta akalitaja jina la Nadim mbele ya wageni. Daktari akaweka kijiko chini. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, wenzake walivua magwanda wakaenda kwao. Aliyebaki siku ile alichagua kubaki."

Tangu siku hiyo Teta alikula chumbani kwake, nami nikawa nakula naye.

Kisha ikaja habari kutoka kwa mpwa wake. Kijana mmoja aitwaye Muhanad, aliyekuwa kituo kimoja na Nadim hadi mwisho, yuko Jidda, anafanya kazi katika duka la mikate la mjomba wake. Teta akapiga simu. Kijana alipokea, akasikia ni nani, akakata. Akapiga tena kesho yake na keshokutwa, ikawa vilevile. Siku ya nne aliniambia nitafute sanduku dogo.

Daktari alikataa kwanza. Alisema atampigia yeye huyo kijana, alisema miguu ya mama haitavumilia. Teta hakubishana, aliendelea kukunja nguo. Mwishowe Daktari akatafuta dereva. Ndege haikuzungumzwa hata kidogo. Ndege ndizo zilizobomoa mtaa wao kule Siria, na tangu hapo Teta hakutaka kuikaribia, hata Riyadh alikuja kwa barabara. Usiku wa kuamkia safari alikaanga kibbe, yale mabonge ya ngano na nyama ya kusaga, akajaza sufuria moja kubwa. Alisema hajui wanajeshi wale walikuwa wakila nini.

Daktari mwenyewe hakuja nasi. Alisema ana wagonjwa.

Kutoka Riyadh

Dereva alikuwa Msudani wa makamo, Osman, mkazi wa mtaa wa Manfuha. Tuliambiwa atafika saa kumi na mbili asubuhi, akaja saa mbili, gari limetoka kwa fundi na bado linadondosha maji. Nilipomwonyesha alisema mafi mushkila, hakuna tabu. Wenzangu, mkienda Uarabuni mkaambiwa mafi mushkila, kaeni chonjo.

Kutoka Riyadh kwenda magharibi ni kilomita zaidi ya mia tisa za barabara pana na jangwa. Ulikuwa msimu wa baridi, Teta amejifunika mablanketi mawili kiti cha nyuma. Kila saa moja tulisimama nimtembeze kidogo kando ya gari, mkono wake begani kwangu, malori yakipita na kutupiga upepo.

Osman aliuliza tunakwenda kwa nani, nami nikamweleza nilivyoweza. Naye akanieleza ya kwake. Kwao pia kulikuwa na vita, nyumba yake iliporwa na dada yake hajulikani alipo, na kila upande ulikuwa ukisema utashinda mwezi ujao. Nikamuuliza swali lile ambalo baadaye Mwalimu aliniuliza, maana na mimi lilikuwa limenikaa kichwani: kwa nini waasi wa Siria walishinda? Alisema kwamba serikali haishindwi siku waasi wanapopata bunduki. Inashindwa siku askari wake anapoona haya kumwambia mama yake anafanya kazi gani.

Nilidhani Teta amelala. Akasema kutoka nyuma kwamba Nadim hakuwa na haya. Alikuwa amechoka. Kila alipopiga simu alisema hivyo tu, Mama, nimechoka.

Osman akaomba radhi.

Dhalm

Mchana gari lilianza kutoa moshi mweupe. Tulijikokota hadi kituo cha mafuta cha mji mdogo uitwao Dhalm. Fundi akasema mpira wa rejeta umepasuka na mwingine utatoka Taif. Tulingoja kwa muda wa saa sita.

Pale kituoni hapakuwa na mahali pa mwanamke mzee kukaa ila kwenye sakafu ya chumba cha kusalia. Mzee mmoja Msaudi aliyekuja kuweka mafuta alimwona Teta, akamuuliza Osman maneno mawili matatu, kisha akatuchukua na gari lake hadi nyumbani kwake. Mkewe alitupokea kana kwamba alikuwa akitungoja tangu jana. Kahawa, tende, halafu sinia la wali na nyama ya mbuzi ambalo lingewatosha ninyi nyote. Sufuria ya kibbe akaitia kwenye friji yake. Aliponiona nakaa pembeni alinivuta nile nao, na alipojua mimi ni Mkristo alicheka, akaniwekea ini.

Alipotambua kwa lafudhi kwamba Teta ni Msiria, uso wake ulichangamka. Akampa mkono wa hongera. Alisema waliziona habari zote kwenye televisheni, walilia kwa furaha, Mungu ameondoa dhuluma. Teta akamshukuru. Yule mama akauliza ana watoto wangapi wa kiume.

"Wawili," Teta akasema.

"Mungu akuhifadhie."

"Amina."

Alisema Amina kwa sauti thabiti, akala wali, akasifu chumvi. Baadaye aliomba nimpeleke msalani. Huko alishika sinki kwa mikono miwili, akafungua maji yote, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilisimama nyuma yake nimemshika kiunoni asidondoke. Kisha nikamwosha uso na miguu, na tukarudi kunywa chai ya pili.

Nataka muelewe kwamba yule mama wa Dhalm hakukosea lolote. Alikuwa mwema kuliko watu wengi niliokutana nao kule. Na Teta mwenyewe hakuipenda serikali ile. Ndege zilizobomoa nyumba yake zilikuwa za serikali hiyo hiyo. Alitaka waondoke, na kuondoka kwao kukamgharimu mtoto wake.

Taif, na barabara ya kando

Tulilala Taif, juu mlimani, baridi kama ya kwetu mwezi wa saba. Asubuhi tukateremka. Njia ya mkato hupita Maka, na mimi kwa dini yangu siruhusiwi kuingia. Osman alitoa wazo kwamba aniache kituo cha mafuta, ampeleke Teta akasali mbele ya Kaaba, kisha anirudie. Nilisema sawa. Kwa kweli niliogopa, lakini ningemnyimaje mama huyu sala ya namna hiyo?

Teta aliuliza itachukua muda gani. Osman akasema nusu siku. Teta akasema hapana, twende wote kwa barabara ya kando, kijana anaweza kusikia kwamba tumefika akakimbia. Tulipita penye kibao cha kugawanya njia, yeye akageuza uso upande wa Maka, akainua viganja na kuomba hadi kibao kikapotea.

Jidda

Jidda joto lilitupokea kama mvuke wa chungu. Mablanketi yakaenda kwenye buti. Duka la mikate lilikuwa mtaa wa Bani Malik, dirisha moja linalotazama njia, watu wamepanga foleni, mikate inatoka motomoto. Kijana aliyekuwa akiitoa kwenye tanuri alikuwa mwembamba, ndevu chache. Teta alisimama kwenye foleni kama wateja wengine. Zamu yake ilipofika kijana aliinua macho kumuuliza mingapi, na mdomo wake ukabaki wazi. Baadaye alieleza kwamba Nadim alikuwa na picha ya mama yake ndani ya kofia.

Aliweka chini kibao cha kutolea mikate akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilidhani amekwenda. Mjomba wake alimfuata, wakabishana uani, kisha wote wawili wakarudi. Mjomba akatuingiza stoo, akamwekea Teta kiti na sisi wengine magunia ya unga, akatoka na kufunga mlango.

Muhanad alianza kwa kueleza vita, kama mtu anayetaka kuchelewesha jambo. Kwa hiyo, Mwalimu, hapa ndipo lilipo jibu lako. Alisema walikuwa kumi na wawili kituoni. Chakula kilikuwa viazi vya kuchemsha, viwili kwa mtu kwa siku, na mkate uliokuwa na ukungu. Mafuta ya gari lao yaliuzwa na mkubwa wao. Aliyetaka likizo alimpa mkubwa huyo chochote alichonacho. Wale wanajeshi wa kigeni waliokuwa wakiwasaidia kwa miaka yote wakaanza kuondoka, nao hawakuambiwa kitu. Halafu ikasikika kwamba mji mkubwa wa kaskazini umetekwa, na kwamba waasi hawaui anayeweka silaha chini. Hilo la mwisho, alisema, lilifanya kazi kuliko mizinga.

"Hawakutushinda, Khala," alimwambia Teta, akimwita mama mdogo kama wafanyavyo kwao. "Sisi tulikuwa tumekwisha zamani. Nani angekubali kuwa mtu wa mwisho kufa kwa ajili ya bwana ambaye ameshafunga mizigo?"

Mkubwa wao aliondoka na gari pekee, akisema anakwenda kuleta nyongeza. Waliobaki walichopoka wawili wawili. Jioni ya mwisho walikuwa watatu: Muhanad, mwenzake mmoja, na Nadim. Walikuwa na pikipiki moja ya mkulima.

Hapo akaanza kujipangusa unga mikononi. Teta hakumharakisha. Nje tulisikia watu wakiagiza mikate.

"Nadim alichagua kubaki?" Teta akauliza.

"Hapana."

"Basi kwa nini alibaki?"

Muhanad alitazama unga sakafuni. "Alikuwa amelala. Alikuwa amelinda siku mbili mfululizo ili sisi tulale. Pikipiki ilikuwa inabeba watu wawili. Hatukumwamsha."

Walijiambia kwamba atakapoamka atawaona waasi, atainua mikono, hawatamdhuru. Siku nyingi baadaye alisikia kwa wanakijiji kwamba palisikika risasi chache kituoni asubuhi ile. Nani alianza, kama Nadim aliamka kwa kishindo akashika bunduki, hakuna anayejua. Wanakijiji walimzika.

Nilingoja Teta apige kelele. Hakupiga. Akauliza, polepole, "Alikuwa amelala vipi?"

Mimi sikuelewa swali, nilidhani Kiarabu kimenipita tena. Lakini kijana alielewa. Alisema kifudifudi, na mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa.

Teta akatikisa kichwa kukubali. "Tangu mchanga," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.

Tulifika garini ndipo nikakumbuka sufuria ya kibbe, niliyoingia nayo stoo na kuiacha juu ya gunia. Teta akaniambia nirudi, nichukue sufuria, chakula nimwachie. Nilimkuta Muhanad pale pale, paji la uso juu ya kifuniko cha sufuria. Nikamimina kibbe kwenye sinia la kuokea. Aliniuliza kama bibi amemsamehe. Ningesema ndiyo, lakini sikuwa nimeambiwa hivyo. Nilimwambia sijui, na kwamba ale kabla hazijaharibika.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Gari halikuharibika. Mahali pamoja tu, jangwani, baada ya kumtembeza, alinishika mkono akasema kwamba mwaka mzima alikuwa akimwona Nadim amesimama na bunduki, peke yake, akiita mama. Sasa angalau anamwona amelala.

Tulipofika Malaz Daktari alikuwa jikoni akijimiminia maji. Teta hakuketi wala hakuvua ushungi.

"Ndugu yako hakuchagua," akamwambia. "Alikuwa amelala, wenzake wakamwacha."

Daktari aliuliza nani kasema. Teta akamweleza yote, la pikipiki, la kulinda siku mbili, hadi la mkono juu ya kichwa. Lilipofika hilo la mkono, Daktari aliweka glasi kwenye ukingo wa meza vibaya, ikaanguka. Akaketi sakafuni pale pale kando ya friji, mwanamume mzima na koti lake jeupe la kazini, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mama yake. Wakati wa utoto walilala kitanda kimoja, alisema baadaye. Mkono ule ulikuwa ukimpiga usoni kila usiku.

Kesho yake alifunga zahanati. Aliazima viti, akawapigia simu wale wale waliokuja na sinia za vitu vitamu, akawaambia kwamba kuna matanga ya siku tatu nyumbani kwake, ya ndugu yake Nadim. Wengine walidhani hawakusikia vizuri. Siku ya kwanza walikuja watu wanne, na Osman wa tano. Nilipika kahawa chungu isiyo na sukari, ndiyo desturi yao. Siku ya pili walikuja kama kumi. Siku ya tatu aliingia mzee mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye wanawe wawili waliuawa na jeshi lile lile alilokuwemo Nadim.  Aliketi, akanywa kahawa yake hadi mwisho, akamshika Daktari mkono kwa muda, akaondoka. Baada yake viti havikutosha.

Sauti kutoka kwao

Mkataba wangu uliisha majira ya joto yalipoanza. Wiki hiyo hiyo Daktari alimpeleka Teta Siria kwa barabara, mimi nikapanda ndege kuja kwenu. Mlangoni Teta alinivua kitambaa changu cha kichwa akanifunga chake.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti. Upepo ni mwingi, kuna mbuzi wanalia, lakini nimemsikia vizuri. Kijiji wamekipata, na wanakijiji wamewapeleka hadi kwenye shamba. Kuna makaburi mawili pale, ya askari wawili waliozikwa siku moja, Nadim na mwingine wa kituo kingine, bila jina wala jiwe la kutofautisha. Mzee aliyezika amefariki, na wengine hawakumbuki yupi ni yupi. Daktari alitaka wafukue wapime vinasaba. Teta amekataa. Amepanga chumba karibu na hapo, na kila asubuhi anapeleka maji, anamwagilia makaburi yote mawili.

Anasema sasa anauliza watu kijiji hadi kijiji. Anamtafuta mama wa yule mwingine.